Kizuri Chajiuza? Si Kikiwa Kabatini

Wasomaji wangu, leo nina ugomvi na methali.

Mnaijua: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi watu wakimya tunaipenda mno. Tunajifunika nayo kama blanketi la mwezi wa Julai hapa Njoro. Mtu akikuuliza kwa nini programu uliyoihangaikia miaka miwili haijulikani na yeyote isipokuwa binamu yako, unamjibu: kizuri chajiuza, watakuja wenyewe. Ukimwona mwenzako anajipigia debe mtandaoni kila asubuhi, unanong'ona: debe tupu haliachi kuvuma. Kisha unarudi kwenye kompyuta yako umeridhika kabisa, na pesa za bando huna.

Mimi naandika programu kwa riziki yangu, hapa hapa Njoro, na ni mmoja wa hao wakimya. Kwenye mkutano wa watu kumi natafuta kiti kilicho karibu na mlango. Simu ikiita naitazama mpaka inyamaze, halafu natuma ujumbe: "Ulikuwa umenitafuta?" Kanisani wakisema wageni wasimame wajijulishe, mimi ghafla nakumbuka kwamba sikufunga mlango wa nyumba. Kwa hiyo msidhani anayewasema leo ni mchangamfu fulani aliyekuja kuwacheka. Nasema na watu wangu.

Na ninachotaka kuwaambia ni hiki: mtu mkimya hahitaji kugeuka mpiga kelele ndipo ajulikane. Lakini pia hana ruhusa ya kujificha. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tumeyachanganya kwa muda mrefu kwa sababu kuyachanganya kunatufaa.

Ushauri unaotolewa siku hizi kila kona ni kwamba ujijengee chapa. Andika LinkedIn kila siku. Jirekodi video TikTok. Nenda kwenye hafla, gawa kadi, tabasamu. Wazo hilo si la jana. Mwaka 1997 Mmarekani mmoja, Tom Peters, aliandika makala katika jarida la Fast Company akiwahimiza wafanyakazi wajione kama kampuni, na bidhaa inayouzwa ni wao wenyewe. Tangu hapo imekuwa biashara kubwa, na wanaoifundisha, kwa bahati mbaya, karibu wote ni watu wanaopenda kusikia sauti zao.

Lakini tazama asili ya neno. Kwa Kiingereza, chapa hii ya biashara imetokana na chuma cha moto, ile alama anayochomwa ng'ombe ili ijulikane ni wa nani. Sisi watu wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa sana. Ng'ombe mwenye alama ubavuni tumemwona. Huyo ng'ombe alipiga kelele siku moja tu, siku ya chuma. Baada ya hapo alama inasema kwa niaba yake, hata akipotea akatokea shamba la mtu wa nne. Wanaotuuzia ushauri wanatuuzia kelele. Tunachohitaji sisi ni alama.

Kabla sijaendelea, niondoe tatizo moja. Ukimya ninaousema si woga, wala si kukosa adabu, wala si maringo (ingawa majirani zangu wana maoni yao). Carl Jung, daktari wa Uswisi, ndiye aliyeeneza mgawanyo huu katika kitabu chake cha mwaka 1921: wapo ambao nguvu zao zinaelekea nje, kwa watu na matukio, na wapo ambao zinaelekea ndani. Wewe wa ndani unaweza kuwapenda watu sana, ila wanakuchosha. Ukitoka harusini unahitaji siku mbili za kunyamaza. Mwenye woga anatamani kusema anashindwa. Mkimya mara nyingi hana haja ya kusema. Dawa zao si moja, na ndiyo maana ushauri wa "jikaze tu uzoee" haujatusaidia.

Sasa twende sokoni.

Pale soko la Njoro yupo muuza mitumba anayeimba bei tangu asubuhi hadi sauti ikauke. Hatua chache kutoka kwake kuna mama wa karoti na viazi. Huyo mama sijawahi kumsikia akimwita mteja. Lakini karoti zake zimeoshwa, zimepangwa mafungu, na fungu la shilingi hamsini linajulikana kwa macho. Viazi vikubwa havikuwekwa juu ya debe ili kuficha vidogo. Anakaa pale pale, mwaka baada ya mwaka. Watu wakielekezana wanasema, nenda kwa yule mama wa karoti safi. Wengi hawajui hata anaitwa nani.

Hajitembezi. Lakini mbona hatumsifu kwa jambo la pili, kwamba hakuziacha karoti nyumbani chini ya kitanda? Aliamka, akabeba gunia, akazipanga mahali watu wanapopita. Aliyeitunga methali yetu bila shaka alikuwa ameshapanga bidhaa zake mezani. Sehemu hiyo hakuona haja ya kuitaja, na sisi tukaifanya udhuru.

Hapa Njoro tunao mfano mkubwa zaidi wa karoti, na nashangaa jinsi vijana wa kompyuta wanavyoupita kila siku ndani ya matatu bila kuutazama. Nasema kuhusu kituo cha utafiti wa ngano, ambacho zamani kilikuwa chini ya KARI na sasa kiko chini ya KALRO. Ukipita barabarani unaona mashamba tu, yamekatwa vipande vidogo vidogo, na mtu mwenye kofia ameinama na daftari.

Mwaka 1998, nchini Uganda, ngano ilionekana ikiugua kutu ya shina ilhali ilikuwa na kinga iliyotegemewa duniani kote, ile inayoitwa Sr31. Mwaka uliofuata aina hiyo mpya ya kutu ikatambuliwa rasmi, ikapewa jina Ug99. Ugonjwa ukavuka mpaka ukaja kwetu. Wataalamu wa Njoro wakaanza kuuona shambani, wakachukua sampuli, wakaandika. Mwaka 2006 jarida la kisayansi la Plant Disease likachapisha taarifa yao kwamba kutu inayoishinda Sr31 imeenea Afrika Mashariki. Majina yaliyo juu ya taarifa ile ni manne: Wanyera, Kinyua, Jin na Singh. Mawili ya kwanza ni ya Wakenya, Ruth Wanyera na Miriam Kinyua. Urefu wa taarifa? Ukurasa mmoja.

Ukurasa mmoja, jamani. Hakuna picha ya mtu amekunja mikono mbele ya ukuta wa kioo. Hakuna "nimenyenyekea na nimefurahi kutangaza". Nini kimeonekana, wapi, kimepimwaje, na nani wamekipima. Tangu siku ile, mtafiti yeyote duniani anayeandika kuhusu Ug99 anakutana na majina hayo. Norman Borlaug mwenyewe, yule aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970 kwa sababu ya ngano, alifika Njoro mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 91 kuona kinachotokea. Tangu wakati huo maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi huletwa hapa kila msimu, zikapandwa katikati ya ugonjwa, ionekane ipi itasimama. Jina la mji wetu mdogo, ambao watu wa Nairobi bado wanauchanganya na Naro Moru, linajulikana kwa wataalamu wa ngano India na Mexico.

Kama wale wataalamu ni wachangamfu au wapole haijalishi kabisa, na hapo ndipo mfano huu unaponifurahisha. Njia waliyoitumia inamfaa hata mtu asiyetaka kusema neno. Fanya kazi ya kweli. Iandike kwa ufupi. Tia jina na tarehe. Iweke pale wanapopita wanaohusika. Wale wa ngano hawakuiweka taarifa yao gazetini pembeni ya matangazo ya vifo. Waliiweka kwenye jarida ambalo mtaalamu wa magonjwa ya mimea lazima alisome.

(Kwa wanaotaka kunikumbusha kuhusu Lord Egerton wa kasri la pale Ngata, aliyeishi peke yake na jina lake likabaki kwenye chuo kikuu chetu: ndiyo, alianzisha shule ya kilimo mwaka 1939, na jina limedumu. Lakini alikuwa na maelfu ya ekari za kuanzia, na jinsi zilivyomfikia ni hadithi nyingine. Wewe una kompyuta yenye betri mbovu. Tuendelee.)

Najua mtasema ngano si programu. Sawa. Nichukue mfano wa programu, nao unatuhusu sisi wa Nakuru kwa uchungu.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilishika moto. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na Njoro, Molo, Kuresoi na Nakuru mjini ni kati ya sehemu zilizoumia. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku. Mapema Januari 2008 Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika kwa jina la Kenyan Pundit, akatoa wito: wajuzi wa kompyuta wanaweza kutengeneza ramani ambayo watu wataripotia yanayotokea kwao? Siku chache baadaye tovuti ikawa hewani, ikaitwa Ushahidi. Erik Hersman na Juliana Rotich walikuwamo. Aliyeandika msimbo wa mwanzo ni David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani.

Jiulize kwa nini kazi ile ilimfikia Kobia na si mtu mwingine. Kwa sababu kazi yake ilikuwa inaonekana tayari. Alikuwa ameijenga Mashada, baraza la mtandaoni ambalo Wakenya walikuwa wakibishana usiku na mchana (na ambalo alilifunga mwanzoni mwa 2008 chuki ilipozidi). Tafakari jambo hilo: mtu anajenga uwanja ambao wengine wote wanapigia kelele, na jina lake linajengeka kwa kuwa uwanja haukuanguka. Msimbo wa Ushahidi ukaachiwa huru, ukatumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, ukatumika na nchi nyingine nyingi. Mwaka huo huo jarida la Technology Review la chuo cha MIT likampa Kobia heshima ya mwaka kwa kazi ya kusaidia binadamu.

Lakini jambo lingine katika hadithi hii ni kwamba ilimhitaji Okolloh pia. Yeye ndiye aliyekuwa na wasomaji, ndiye aliyesema kwa sauti. Msimbo bila sauti yake ungekaa kwenye seva ukisubiri. Sisi wakimya tunawadharau wasemaji kwa siri, na ni dharau ya kijinga. Mtafute msemaji mmoja unayemwamini. Mmoja anatosha. Mpe kitu cha kweli cha kusema. Yeye atakwenda kwenye hafla, akale sambusa, akagawe kadi. Wewe baki na kazi.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike haya.

Kuna kijana hapa kwetu, jina namwachia mwenyewe, aliyeandika programu ya kituo cha kukusanyia maziwa. Nimeiona kwa macho yangu. Karani anapima maziwa alfajiri, anaingiza kilo kwenye simu, na mtandao usipokuwapo (na mtaa ule, mvua ikinyesha tu, haupo) programu inahifadhi kila kitu, kisha inalinganisha baadaye bila kurudia hata mtungi mmoja. Aliyewahi kuandika programu ya aina hiyo anajua kwamba kule kulinganisha ndiko penye mitego. Mkulima akipokea ujumbe anaona kilo zake na bei. Kazi safi, kama karoti za yule mama.

Basi kikundi kimoja cha wafugaji, si mbali na hapa, kikahitaji programu kama hiyo. Wakainunua kwa mtu aliyefika na gari, projekta na maneno. Yao mtandao ukikatika inafuta maziwa ya asubuhi nzima, na karani sasa anaandika kwenye daftari la mistari halafu anakopi jioni. Wakulima wanagombana na karani kuhusu kilo. Kijana wetu aliposikia alitikisa kichwa akasema ndivyo dunia ilivyo, wenye midomo ndio wanaokula.

Hapana! Hapo ndipo tunapotofautiana. Wale wafugaji hawakumkataa. Hawakujua kwamba yuko. Mwenyekiti wao angetafuta kwenye mtandao usiku kucha asingepata hata mstari mmoja wenye jina la kijana huyu na neno maziwa. Msimbo ulikuwa kwenye kompyuta yake, umefungwa. Maelezo yalikuwa kichwani. Na waliopata hasara si yeye peke yake. Ni wakulima wanaopoteza kilo mbili hapa, tatu pale, kwa sababu mwenye dawa alikuwa ameketi kimya akingojea kizuri kijiuze.

Tukazungumza. Kwa kuandikiana, bila shaka, ingawa tunaishi umbali wa dakika ishirini kwa miguu. Sikumwambia afungue TikTok. Nilimwomba aandike ukurasa mmoja: jinsi ya kulinganisha rekodi za maziwa mtandao ukirudi. Si tangazo, ila maelezo ya tatizo, njia mbili alizojaribu zikashindikana, ya tatu iliyofanya kazi, mfano wa msimbo, jina lake, tarehe, anwani ya barua pepe. Aliuandika kwa Kiswahili, kisha akauandika tena kwa Kiingereza. Ilimchukua siku tisa, na kati ya hizo nane alikuwa anaogopa kubonyeza kitufe cha kuchapisha.

Hakuna muujiza uliotokea, nisiwadanganye. Wiki sita kimya. Kisha akapata barua kutoka kwa mtu wa Nyahururu mwenye tatizo lile lile. Baadaye nyingine kutoka Njombe, Tanzania, kwa ajili ya chai, si maziwa. Majani nayo hupimwa mahali pasipo na mtandao. Mtu wa Njombe hakumuuliza ana digrii gani wala ana wafuasi wangapi. Alikuwa ameshausoma ukurasa. Maswali ya kwanza ya mahojiano, yale yanayotutoa jasho sisi, yalikuwa yamejibiwa kabla hawajasalimiana.

Hapo ndipo utamu wa maandishi kwa mtu mkimya. Maandishi yanaongea ukiwa umelala. Yanaongea na watu mia moja bila wewe kuchoka. Na hayakatizwi na yule ndugu wa safu ya mbele ambaye kila mkutano "ana swali dogo tu".

Wengine mtaniuliza: sasa kutangaza kazi yangu si ndiko kujisifu? Tumelelewa kwamba kujisifu ni tabia mbaya, na malezi yale sitaki kuyavunja. Lakini kuna namna ya kutangaza isiyo na sifa hata chembe. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alituma ujumbe mfupi kwa watu wa fani yake: anatengeneza mfumo endeshi, ni jambo la kujifurahisha tu, si kubwa, na angependa kusikia watu wanapenda nini na wanachukia nini. Mfumo huo ndio Linux, ambao leo uko ndani ya kila simu ya Android mfukoni mwenu. Torvalds ni mtu aliyekiri mwenyewe, tena jukwaani TED mwaka 2016, kwamba si mtu wa watu. (Kwa barua pepe alikuwa mkali kupita kiasi hadi mwaka 2018 akaomba radhi na kupumzika kwa muda, kwa hiyo msimwige katika kila jambo.) Ujumbe ule haukusema "mimi ni bora". Ulisema: nimefanya hiki, kimefika hapa, hakijakamilika hapa. Mama yako akisoma tangazo la namna hiyo hawezi kuona aibu.

Siku hizi kuna sababu nyingine. Mashine za akili bandia zinaweza kuandika matangazo elfu moja ya kujisifu kabla chai haijachemka, na zinaandika. Kelele imekuwa bure. Maelezo ya kweli ya jinsi mizani ya kituo fulani ilivyokuwa inasoma kilo zaidi wakati wa baridi, na jinsi ulivyogundua, hayo bado lazima mtu awe alisimama pale alfajiri.

Kuna mahali pamoja ambapo ukimya unatugharimu pesa taslimu, na sijawahi kuona washauri wa chapa wakipataja. Bei. Mteja anasema, "Kijana, hiyo ni ghali, punguza." Mchangamfu anacheka, anapiga porojo, anapunguza kidogo, wanaelewana. Sisi tunanyamaza sekunde tatu, kile kimya kinatuuma wenyewe, tunakata bei nusu ili mazungumzo yaishe. Nimewaona wanaprogramu hodari wakifanya kazi ya miezi miwili kwa pesa ya fundi wa wiki moja, kwa sababu tu hawakuweza kuvumilia kupatana.

Andika bei zako. Ziweke kwenye ukurasa wako, wazi, kama yule mama na fungu lake la hamsini. Programu ya namna hii inaanzia kiasi hiki; kuitunza kwa mwezi ni kiasi hiki; safari nje ya kaunti ni kiasi hiki. Mteja anayeona ni ghali atapita kimya kimya, na nyote wawili mmeokolewa. Anayekuandikia ameshaikubali nusu ya bei. Akianza kupatana, mwelekeze kwenye ukurasa. Si wewe unayekataa, ni ukurasa. Wenzangu wa Nairobi wanasema kuandika bei kunawafukuza wateja wakubwa. Huenda kwao ni kweli. Mimi mteja mkubwa anayetaka nimpigie simu mara nne ndipo nimtajie bei, mwacheni aende.

Na huo ukurasa uwe wako, kwenye anwani yako mwenyewe. Anwani ya .co.ke haizidi bei ya viatu vya mtumba kwa mwaka. Nasema hivi kwa sababu nimeishi kuona nyumba za kupanga zikibomolewa na wapangaji wakiwa ndani. GeoCities ilifungwa mwaka 2009. Orkut, 2014. Google+, 2019. Twitter yenyewe imebadilishwa jina na tabia. Waliojenga majina yao yote mle walihama na vigunia mgongoni. Mtu mchangamfu akihama huanza upya kwa siku tatu, ana nguvu hizo. Wewe je, unataka kuanza kusalimia watu upya?

Tahadhari moja kabla hamjakimbilia kuchapisha: kazi ya mteja si yako kuianika. Takwimu za wakulima, namba zao za simu, kilo zao, hizo usiziguse. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na hata isingekuwapo, adabu ipo. Kijana wetu aliwatunga wakulima wa uongo, akawapa ng'ombe wa uongo, na mfano ukaeleweka vizuri tu.

Je, kuna siku utalazimika kusema kwa mdomo? Ipo. Mteja ataomba kukuona. Kamati ya wazee watano itataka kukusikia, na mmoja atakuuliza wewe ni wa ukoo gani. Siwezi kuwaahidi kwamba maandishi yatafuta siku hiyo. Ninachofanya mimi ni kuwatumia kamati karatasi mbili siku tatu kabla, zimeandikwa kwa lugha ya kawaida, na nikifika nasema: mmeisoma, niulizeni. Wanauliza wao, najibu mimi. Kujibu swali la kazi naweza kutwa nzima. Kinachonishinda ni kusimama mbele za watu na kuanza "mimi ni". Dakika kumi na tano, tunanyweshwa chai, naenda nyumbani kulala mchana.

Haya, kama una ukurasa wako tayari, au unao umejaa vumbi kwenye kompyuta yako na unaogopa kile kitufe, nitumie niusome. Nitakujibu ndani ya siku mbili au tatu, kwa urefu, na nitakwambia ukweli. Kwa barua pepe, tafadhali. Usinipigie simu.